Piano Iliyokaa Eda

Teksi iliyotoka Sur kwenda Nizwa ilikuwa imeshaupita mji wa Ibra, Jumana alipopigiwa simu na Thani, mtoto wa shangazi yake.

“Mama katoka eda. Jioni nakuja kumchukua, ahamie kwangu Maskati. We unajua muziki, ijaribu ile piano. Ikilia sawasawa, ntaleta gari ya mizigo. Ikiwa mbovu, khalas, ibaki.”

Jumana alikuwa hajawahi kufika Nizwa. Baridi aliyoikuta haikuwa ya Sur. Ilikuwa kavu, ya kupasua midomo.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Mbona umekonda kama papa mkavu? Sur hakuna wali?”

Shangazi yake, Bi Shukriya, alizaliwa Unguja mjini, akaja Nizwa na mumewe, mwalimu Marhoun, mzaliwa wa hapa. Piano, Marhoun ndiye aliyemnunulia. Marhoun hakujua wimbo huu wala ule, lakini kila jioni alikaa na kahawa yake akimsikiliza mkewe. Baridi ikiingia, aliweka bakuli la maji chini ya piano.

“Kwani ina kiu?” mkewe akimcheka.

“Nizwa kila kitu kina kiu.”

Marhoun alifariki mwezi wa kumi, baridi ikinyemelea. Mjane hapigi piano ndani ya eda. Bi Shukriya akaufunga mfuniko. Lakini hakuitupa. Bakuli aliliondoa. Unguja alikokulia, adui wa mbao ni unyevu, na mama yake akizifukiza kabati masika yote. Basi kila magharibi alitia makaa katika chetezo, akakisukuma chini ya piano, akaifunika mablanketi kama mzazi aliyejifungua jana.

Sasa aliyafunua mwenyewe, akakaa, akapiga.

Sauti ilitoka imepasuka. Nyingine hazikutoka kabisa. Akapiga tena, taratibu, kama mtu anayemwita aliyelala.

Jumana alipiga magoti na taa ya simu, akakisogeza chetezo kilichojaa majivu. Ubao mkubwa wa ndani, ule unaotoa sauti, ulikuwa umechanika juu hadi chini.

“Baridi hiyo,” alisema Bi Shukriya. “Nilijua.”

Jumana alitamani kuitikia. “Si baridi, Shangazi. Ni makaa. Yameikausha.”

Bi Shukriya aliitazama mikono yake.

“Miaka yote kaiweka hai na bakuli la maji,” alisema. “Mie nimemcheka. Kisha nimeiua ndani ya eda yake.” Akafunga mfuniko. “Thani usimwambie makaa. Mwambie uzee.”

Thani aliingia akisugua viganja. “Haya, mtaalamu, inalia?”

“Imezeeka,” alisema Jumana.

“Si nilisema mie! Twende, Mama, njia ndefu.”

Bi Shukriya alijitanda buibui, akampa Jumana funguo, alale, aifunge nyumba kesho akirudi Sur. Hakuigusa piano alipopita. Garini alikaa kiti cha nyuma, uso mbele, na Thani akawasha hita.

“Zima,” alisema. “Zima hiyo, mwanangu.”

Gari likakata kona. Jumana akarudi ndani kufunga madirisha.