Penye Pengo la Boma

Shemeji yangu Masengeli alilima mlima wake wote hapa Lugulu, isipokuwa handaki na tuta la udongo vilivyozunguka boma la wahenga.

"Shemeji, bado unangoja maadui?" nilimtania.

"Nangoja wageni. Nikifa, mnizike penye pengo la tuta, palipokuwa mlango, niwe nikiwafungulia."

Alipolazwa hospitalini, wanawe walileta trekta kutoka Kitale, ati mahindi yapate nafasi. Tuta lote likasukumwa ndani ya handaki.

Jana alirudi ndani ya jeneza. Leo wanawe wamesimama shambani na majembe, hawajui wachimbe wapi.

"Mama mdogo, mlango ulikuwa wapi?"

"Si muulize trekta!" nikawajibu. Kisha nikavua viatu, nikaanza kupapasa udongo kwa nyayo, nikiutafuta mlango, pale penye ardhi ngumu isiyochimbwa handaki.