Anamsaidia Mama wa Watu Kumtafuta Mtoto, na Mtoto Mwenyewe ni Yeye

Admin, nifiche jina na mtaa. Ukitaja Msambweni inatosha, Msambweni ni kubwa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, nina mume, na nina binti mmoja tu, nimwite Riziki. Nimewarekodia kwa sauti kwa sababu herufi za simu hizi kwangu ni sisimizi watupu. Niandikieni kama nilivyosema, msinipambe.

Mnamkumbuka yule mama wa bara mliyemtoa hapa juma lililopita, anayemtafuta binti yake aliyemwacha Ukunda mwaka wa tisini na nane? Aliyesema jirani yake alimwibia mtoto akahama naye kisirisiri? Jirani huyo ni mimi. Na sikuhama kisirisiri, wallahi! Nilihama mchana kweupe, kitanda changu juu ya mkokoteni, mtaa mzima ukiniona.

Huyo mama nimwite Mueni. Tulipanga nyumba moja ya Kiswahili, mlango kwa mlango. Alikuwa akifua shuka katika hoteli moja ya Diani. Miaka ile wageni walikauka, hoteli zikawa zinafungwa, naye akasimamishwa kazi akiwa na kichanga mgongoni, baba mtu hajulikani alipo. Mimi nilikuwa nimetoka kumzika mwanangu wa kwanza, hata arubaini haijaisha, kifua kimejaa maziwa mpaka nguo inalowa. Mueni akaitwa kwao, mamake yu mahututi. Akaniambia, "Dada, safari ni ndefu na mtoto ana homa. Nishikie, mwisho wa mwezi niko hapa." Nikamwuliza mume wangu, naye akasema, "Mnyonyeshe, ni kiumbe cha Mungu." Nikamweka kifuani akanyonya, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwisho wa mwezi ukapita, na mwaka ukapita. Simu za mkononi wakati huo tulikuwa tukiziona kwa watalii tu. Nilikwenda mpaka hotelini kumwulizia, askari wa getini akaniambia huyo hayumo tena. Tulipohamia huku kumwuguza mama mkwe, nilimwachia maagizo mwenye nyumba na mwenye duka pia: akija Mueni, mwambieni tuko Msambweni. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, na nyumba yenyewe ilibomolewa zamani. Sasa nitamleta nani anishuhudie?

Riziki hajui lolote. Anajua mimi ndiye niliyemzaa. Sasa amechumbiwa, na nikahi imepangwa baada ya Ramadhani, ndipo mume wangu aliponiweka kitako. Akasema, "Mke wangu, siwezi kukaa mbele ya sheikh nikasema namwozesha binti wa mgongo wangu. Maziwa yako yamemfanya mwanetu, lakini hayakunifanya mimi kuwa walii wake wa kumwozesha. Ataozeshwa na kadhi. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi." Nilimkasirikia siku mbili, chakula namwekea bila kumsemesha. Lakini najua ana haki, ndoa ya mtoto haichezewi.

Basi nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, ndipo Mueni akatokea kwenye simu. Riziki ndiye hunisomea ukurasa huu kila alasiri mimi nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Akasoma kisa chote. Nikawa nakuna kifuu kitupu. Akaniuliza, "Mama, si nyinyi mlikuwa mkikaa Ukunda miaka hiyo? Hukumjua mtu kama huyu?" Nikamwambia, "Ukunda ina watu wangapi, mwanangu?" Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanamke aliyemfanyia mwenziwe hivi hana utu. Mungu amlaani."

Nikamkemea, "Usimlaani usiyemjua!" Nilipaza sauti mpaka jirani akauliza kulikoni. Riziki akanitazama, akacheka akidhani ni uchovu. Tayari alikuwa amekisambaza kwenye magrupu yake yote, na watu huko chini kwenye maoni wananiita mwizi, mchawi, wengine wanataka nifungwe. Mwizi, mimi! Niliyekesha na surua ya mtoto huyo, niliyeuza vyombo vyangu vya harusi asome!

Lahaula, ningejua mambo yataishia wapi ningeinyakua simu ile nikaitupa kisimani. Alimwandikia Mueni faraghani kumpa moyo. Sasa wanapigiana simu kila siku, anamwita Mama Mueni. Juzi nilimsikia yule mama akizungumza, sauti ni ile ile, imekauka kidogo tu. Alikuwa akilia, na Riziki akimbembeleza, "Usilie mama, yuko hai, tutampata." Niliingia chooni nikauma kanga nisisikike.

Na Jumamosi hii Mueni anashuka Ukunda kuzunguka akiuliza nyumba kwa nyumba. Riziki atakwenda kumpokea. Amekwisha kuniambia, "Mama, pika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nitamleta ale kwetu. Hana mtu pwani hii."

Namhurumia Mueni, Mungu shahidi. Pia namwogopa. Na kwa haya aliyoyasema juu yangu, kuna saa natamani nimshike koo. Lakini la kunitoa roho ni moja, Riziki asije akaniangalia kama walivyoniangalia watu wale wa kwenye simu.

Admin, najua nifanyalo. Ukikitoa kisa hiki, msomaji wangu ni yeye yule. Ulimi wangu umegoma kabisa, labda ndiyo maana nimeuleta huku. Atanisomea kwa sauti, atafika kwenye nyumba ya Kiswahili, atafika kwenye nikahi, kisha ataniinulia macho. Nishaurini, enyi wenye watoto na nyinyi mliolelewa: neno la kwanza nimwambie lipi?