Kata ya Mkwe na Mashine ya Maziwa

Ulikuwa mwaka ule wa mvua nyingi, mahindi yakaozea shambani, tukala mbalaga asubuhi na jioni, ndizi na maharage, ndizi na maharage, mpaka watoto wakinusa sufuria wanakimbia. Ndipo mjukuu wangu wa kike, fundi wa programu za mashine, alipofunga mashine ya kupimia maziwa kituoni kwetu Lufingo. Ina midomo miwili. Nikatia kikombe changu mdomo huu, jirani yangu akatia chake mdomo ule, pamoja.

Msimamizi wa kituo akapaza sauti: "Bibi, maziwa yako yana maji! Kamwage, utoke kwenye foleni."

Mimi! Ng'ombe wangu amenona kumshinda msimamizi. Nikakumbatia ndoo.

"Simwagi, na sitoki."

Mjukuu akafungua kompyuta, akaguna. "Bibi, kosa ni langu. Kila mdomo ulichungulia pale pa kuweka jibu, ukaona hapana mtu, yote miwili ikaingia mara moja. Jibu la jirani limelikalia lako."

"Kumbe ni mambo ya mkwe!" nikasema.

Maana kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Nilipoolewa nilikuwa nachungulia kwanza: njia nyeupe, natoka na mtungi. Kumbe na mzee kachungulia kwake, kaona nyeupe, katoka. Tukavaana uso kwa uso mtoni! Nikajirusha kwenye magimbi, mtungi ukaenda zake na maji. Mama mkwe akatundika kata moja ya kuchotea maji mlangoni: anayekwenda mtoni aichukue. Ukikuta haipo, kaa hapo hapo mpaka irudi.

"Ndiyo dawa yenyewe," mjukuu akasema. "Niliweka kuchungulia, sikuweka kata."

Akaandika. Mashine ikapima kikombe kimoja, ikaduwaa. Akajipiga paji la uso. "Jamani, imechukuliwa, sikuandika irudishwe!"

Foleni nzima ikapiga kelele: "Rudisha kata!"

Ikarudishwa. Tukapima upya: yangu safi kabisa. Maji yalikuwa ya jirani, ambaye ghafla akakumbuka mbuzi wake hakumfunga vizuri.

Msimamizi akaniinamia sikioni, sauti kama ya mbu. "Samahani, Bibi. Haya, mwagia kwenye tangi, utoke, wenzio wanangoja."

Kunitukana kasikika mpaka kijiji cha Suma, kuniomba radhi ananong'ona! Nikafunika ndoo, nikaikalia.

"Simwagi, na sitoki."