Ijumaa za Kujifunza Theluji Mchangani

Rafiki yangu aliniletea habari ya Kanada akiwa bado amesimama mlangoni, viatu mkononi. Ilikuwa Ijumaa, siku yake ya mapumziko, na Ijumaa zote alikuja chumbani kwangu Al Mansoura, mjini Doha, kula pilau na kulala mchana kutwa bila kuamshwa na mtoto wa mtu. Alikuwa yaya na dereva katika nyumba ya mhandisi mmoja. Mimi nilikuwa mapokezi hotelini. Yeye wa Eldoret, mimi wa Mombasa, tulijuana kwenye foleni ya kupimwa macho kwa ajili ya leseni ya udereva, na baada ya hapo hatukuachana.

"Wanarudi kwao," alisema, "na wanataka niende nao. Madam amesema watoto hawatakubali mtu mwingine."

"Sasa uso umeukunjia nini, shoga? Si ndiyo dua yako hiyo?"

"Ni kuendesha. Watoto nitawapeleka shule mimi. Na huko ni theluji miezi na miezi. Haki, mimi theluji nimeiona kwa friza tu."

Nilicheka mpaka nikaweka sahani chini. Yeye hakucheka.

Gari tulilokuwa nalo lilikuwa langu, ingawa yeye alilitumia kama lake. Nilikuwa nimelinunua kwa Mfilipino tuliyefanya naye kazi, alipokuwa akirudi kwao. Kigari cheupe, kifupi, gia za mkono, kiyoyozi kinachokata tamaa ukiingia mwezi wa sita. Doha ya miaka ile kila aliyeweza alipanda gari kubwa, la juu. Tukisimama kwenye taa nyekundu, kulia na kushoto tuliona matairi tu. Wapangaji wenzangu walikiita Kibiriti, na jina likakaa.

Fundi wa Kibiriti alifanya kazi kwenye gereji moja Industrial Area, nyuma ya kambi za wafanyakazi, mahali ambapo mabasi ya kampuni yaliegeshwa ubavu kwa ubavu. Alikuwa Mpakistani wa makamo, ndevu zake amezitia hina, mtu wa kusema kidogo. Tulizungumza naye kwa lugha ya gereji: Kiarabu cha kuokoteza, Kiingereza cha kuokoteza, na mikono ikimalizia. Siku nilipopeleka gari kubadilishwa oili nilimwambia kwa mzaha tu kwamba mwenzangu anahamia kwenye theluji na amekosa usingizi. Alitoka chini ya boneti akajipangusa mikono.

"Nani kasema theluji mbaya?" aliuliza. "Mimi nimezaliwa ndani ya theluji. Kwetu milimani teksi zote ni ndogo kama hii yako. Jeep kubwa linaanguka korongoni, teksi ndogo inafika na abiria wake."

"Kwa nini?"

"Jepesi. Na tairi jembamba linakata theluji mpaka chini, linashika ardhi. Gari kubwa linajiona. Linaondoka vizuri, lakini ukikanyaga breki, uzito wote ule unaendelea na safari." Akamtazama rafiki yangu, ambaye alikuwa amebaki ndani ya gari. "Mwambie sista aje Ijumaa, baada ya sala."

Ndivyo zilivyoanza zile Ijumaa. Tulikwenda naye Umm Salal, kwenye kiwanja kitupu kati ya mashamba, mchanga mlaini juu, chini udongo mgumu. Upande mmoja bomba la shamba lilikuwa likivuja, na pale ardhi ilikuwa tope jepesi la kuteleza kama sabuni. Fundi alilizunguka lile tope kama mtu aliyeletewa zawadi. Mchanga, alisema, ni theluji. Tope hili ndilo barafu.

Jambo la kwanza alimwambia avue viatu.

"Nitaendesha miguu mitupu?"

"Leo, ndiyo. Mguu lazima usikie. Gia ya pili, siyo ya kwanza. Achia klachi polepole kama unamlaza mtoto."

Hilo la kulaza mtoto alilielewa papo hapo. Kibiriti kilitoka mchangani bila kuzungusha tairi hata mara moja, na mimi niliyekuwa nyuma nikapiga vigelegele. Fundi alishtuka, kisha akatabasamu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilipoyaona meno yake.

Kwenye tope ilikuwa shughuli nyingine. Gari lilipoanza kuteleza, rafiki yangu alikanyaga breki kwa nguvu zote, na Kibiriti kikageuka kikatazama tulikotoka. Alijaribu tena, kikageuka tena. Fundi hakupandisha sauti. "Ondoa mguu," alikuwa akisema. "Ondoa mguu, tazama unakotaka kwenda, usukani utafuata macho. Ukitazama ukuta, utaufikia ukuta." Jioni hiyo kanga yangu ilijaa tope kwa sababu ya kusukuma, na tulirudi mjini tukiwa na njaa ya ajabu. Fundi alikaa nyuma, magoti karibu na kidevu, akitueleza jinsi abiria wa kwao wanavyoshuka kwenye kilima kikali, wakafunga minyororo kwenye tairi, wakasukuma, wakapanda tena huku wakigombania nafasi.

Siku zile sikujua kwamba nina furaha. Nilijiona mtu aliyechoka tu, mwenye zamu nyingi na mama anayeumwa nyumbani. Leo nikifikiria Doha, minara ile na maduka yale yenye ubaridi hayanijii. Kinachonijia ni kile kiwanja, mashamba yenye ua wa makuti makavu, chupa ya karaki, chai ile ya maziwa na iliki, juu ya boneti, na rafiki yangu anapiga makelele, "Imekubali! Umeona? Imekubali!"

Familia ilitangulia. Yeye alibaki kusubiri karatasi zake, akalala kwangu, na tiketi ilipotoka ilikuwa ya jioni, siku ya katikati ya wiki, wakati wa baridi. Asubuhi yake alitaka kwenda kumuaga fundi. Tulipakia masanduku kabisa, tukapanga kutoka kule moja kwa moja hadi uwanja wa ndege.

Fundi alimpa kofia ya sufu ya kwao, ya kukunjwa pembeni, akamwombea dua pale pale kati ya injini zilizofunguliwa. Tulikuwa hatujamaliza chai mvua iliponyesha.

Aliyeishi Doha anajua mvua ile ni nini. Inapita miezi bila tone, barabara zinakunywa vumbi na oili, kisha maji yanashuka mara moja na lami yote inakuwa kioo. Na Industrial Area, ambako barabara nyingi zilikuwa mashimo matupu, maji hayana pa kwenda.

"Sista aendeshe," fundi alisema, akiwa ameshika mlango wangu. "Wewe kaa pembeni."

Nilimpa rafiki yangu funguo. Alivua viatu bila kuambiwa.

Kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara gari kubwa jeusi lilitupita kwa kasi, likapiga breki, likazunguka zima zima mbele yetu, likapanda ukingoni na kubaki pale, taa zikiwaka. Nilimkamata mkono. "Niachie," alisema taratibu, macho mbele. Aliondoa mguu, akakiacha Kibiriti kipungue chenyewe, tukapita kando ya lile gari kama tunapita mlangoni mwa mgonjwa. Magari yalikuwa yametapakaa kila upande. Sisi tuliendelea, gia ya pili, polepole, na nikaanza kuamini kwamba tutafika kama watu.

Kisha barabara ikainama na mbele yetu kukawa na ziwa.

"Ingia polepole," nilimwambia. "Muda unakwenda."

"Hapana. Utelezi nauweza. Hii ni kina." Alishuka, akapandisha suruali yake ya safari, akaingia majini. Maji yalimfika magotini kabla hajafika katikati. Alirudi akitetemeka. "Kitazima hapa, na wote tutalala hapa."

Nyuma yetu lilikuja basi la kampuni, limejaa wafanyakazi waliorudishwa kutoka saiti. Dereva alikuwa Mganda. Alitoa kichwa dirishani akatuuliza kwa Kiswahili, "Mnaenda wapi na mizigo hiyo, mabinti?" Nilipomwambia, alifungua mlango. "Mmoja apande na masanduku. Nawapeleka hawa mjini, nitapita karibu na uwanja. Haraka!"

Mmoja. Tulitazamana. Gari lisingeweza kuachwa pale. Wafanyakazi walikuwa tayari wamekwisha kupokezana masanduku juu ya vichwa vyao. Nilikuwa nimepanga mengi ya kumwambia tukifika uwanjani, na nilichosema ni, "Viatu! Viatu vyako!" Nikavichukua ndani ya gari nikavirusha, mtu mmoja akavidaka. Basi likaingia majini, likayapasua, likapanda upande wa pili. Nilimwona akipunga mkono kupitia kioo chenye ukungu, au labda alikuwa anakifuta. Nilibaki barabarani nimelowa chapachapa, nikalia kwa sauti, kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na hakuna wa kunisikia.

Ndege aliipata. Aliniandikia ujumbe mfupi tu: nimeketi, soksi zimelowa.

Simu yake ya kwanza ndefu ilikuja wiki kadhaa baadaye. Nilikuwa gereji, kwa hiyo niliweka spika ili na fundi asikie. Alisema madam alimpa funguo za gari kubwa, lakini yeye akaomba lile dogo la bwana. Siku ya kwanza aliwafikisha watoto salama. Wiki iliyofuata aliingia mtaroni.

"Mtaroni!" fundi alisema.

"Hakuna aliyeumia. Lakini mzee, mchanga unakuonya. Unausikia unavuta. Barafu haikuambii kitu, unajua tu umeshaondoka. Na wenyeji wanasema tatizo lilikuwa tairi. Huku kuna tairi za baridi, mpira wake mlaini. Tumezibadilisha, sasa linashika kabisa."

"Kwetu tulikuwa na minyororo tu," fundi alisema. Alifikiri kidogo, akasogea karibu na simu. "Theluji ya huko kavu au mbichi? Ukiifinya mkononi inashikana?"

"Ngoja." Tulisikia mlango, upepo, hatua zake. "Haishikani. Inamwagika kama unga."

Fundi alifumba macho. Redio ya gereji ilikuwa inaimba, jua la Doha lilikuwa limejaa mlangoni, na yeye alisimama na spana mkononi, akisikiliza. Alituambia kwamba tangu aje Ghuba likizo zake zote zimeangukia kiangazi, na mwanawe wa mwisho hajawahi kumwona akiwa amevaa koti.

"Basi omba likizo ya baridi," rafiki yangu alimwambia kutoka kule.

Mwaka uliofuata fundi aliomba, akapewa, akabaki kwao kwenye theluji, na Doha hakurudi tena.