Nilifukua kaburi uani kwa Mama Zaituni kutafuta sufuria ya arusi

Wakuu, salaam kutoka Kindu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, maana mimi nikiona sentensi imekaa upande sipati usingizi. Leo naupandisha ulivyo. Niliyaona yote kwa macho yangu, na mtaa mzima wa Kasuku ulikuwepo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mpelelezi binafsi.

Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa riwaya zilizochanika na video za simu. Mtaani wananiita Detektive, kwa kunicheka. Kesi yangu kubwa kabla ya hii ilikuwa ya bata. Nilipima nyayo, nikahoji majirani wote, kumbe bata ameliwa na mume wa mwenye bata.

Sasa kesi yenyewe.

Kwetu arusi inapikwa na kina mama wa mtaa wote, kwenye sufuria moja kubwa ya pamoja. Bibi arusi akiondoka bila kupikiwa na kina mama, ni kama ameondoka hana watu.

Kabla ya vita sufuria hiyo ilitunzwa na Mama Zaituni. Vita vilipofika mjini, yeye alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi na watoto. Mumewe, Mzee Ramazani, alibaki nyuma kuficha vitu. Alipowafuata msituni alikuwa anaungua homa. Alisema tu, "Sufuria nimeizika," na homa ikamchukua.

Waliporudi, kina mama walichimba ua mzima wakakosa. Ikasemwa Mama Zaituni aliwauzia askari sufuria. Mimi wakati huo nilikuwa mgongoni mwa mama yangu, lakini nimekua nikiona: kwenye kila arusi yule mama anakaa pembeni, na hakuna anayempa mwiko.

Mwaka huu mjukuu wake, Nuru, akapata mchumba. Kina mama wakagoma kupika. Aliyeongoza ni Mama Asha, jirani yake, na alisema bila kupunguza sauti:

"Akapikiwe na wale aliuzia sufuria."

Maneno yakafika kwa upande wa bwana arusi. Wakaanza kuuliza hii familia ni ya watu gani.

Hapo Mama Zaituni akaniita. "Detektive, weye peke yako njo umebaki. Mimi siko mwizi. Tafuta hiyo kitu mbele ya arusi ya mutoto."

Wakuu, sikulala. Ya bata nikikosea, watu wanacheka. Hii nikikosea, arusi inakufa.

Nilienda alasiri kuukagua ua. Mashimo ya zamani yalikuwa kila mahali. Sehemu moja tu haikuguswa: kona ya nyuma, kaburi dogo, limefagiwa, lina mawe meupe pembeni.

"Ile njo kaburi ya mutoto," akaniambia. "Niliikuta tuliporudi. Watu wa kukimbia vita walikuwa banapita apa na watoto wagonjwa. Mama yake simujui, njo maana miye nakaa naye."

Papa Alphonse, jirani wa upande wa pili, alikuwa amemwona Mzee Ramazani akishindilia udongo pale. Alimuuliza aliyezikwa ni nani. Mzee aliinamisha kichwa tu. Wakati ule kaburi la mtoto uani halikuwa jambo la kuulizwa mara mbili.

Mama Zaituni akatandika mkeka wake karibu na kaburi, akaswali. Nikakaa kumsubiri.

Ndipo nikaliona.

Mkeka na kaburi vilielekea njia moja, kama mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja.

Kwa wasiojua: maiti wa Kiislamu analazwa ubavu, uso wake kibla. Kwa hiyo kaburi hukingama mbele ya mtu anayeswali, halifuati mkeka. Na Mzee Ramazani ndiye aliyekuwa anachimba makaburi na kulaza maiti wa msikiti wetu.

Nikajibishana na nafsi yangu. Labda mtoto alikuwa wa Wakristo. Nikaenda kwa Papa Alphonse, ambaye ni Mkatoliki.

Akanionyesha kaburi la baba yake, kwenye ua wake mwenyewe. "Ramazani njo alinisaidia, wakati wa vita. Nikamuambia, kaka, baba yangu iko Mukatoliki, mulaze vile unataka. Akasema mikono yake inajua njia moja tu."

Kaburi lilikuwa limekingama sawasawa na yale ya Waislamu.

Nilirudi kulipima lile dogo kwa kamba. Nikapima tena. Halikukingama: mikono ile haikulaza maiti pale.

Nilipomweleza Mama Zaituni, akauliza, "Na ukifungua ukakuta mutoto?"

Tukaenda kwa shehe wa msikiti. Alisikiliza, akaja kulitazama mwenyewe, akakuna ndevu.

"Utachimba na mikono, kutokea ubavuni. Ukigusa sanda ama mufupa, unaacha palepale, na jibu utampa Mungu, siyo mimi."

Kesho yake baada ya swala ya adhuhuri watu walijaa hadi kwenye uzio. Mama Asha alikuwa mbele. "Leo mutoto wa wenyewe anafukuliwa kwa ajili ya pilau," akasema. Hakuna aliyecheka.

Nikapiga magoti. Shehe akanishika bega. Udongo wa juu ulikuwa laini, wa kufagiwa. Chini ukawa mgumu. Nikafika kiwikoni, sijagusa kitu. Nikaanza kutunga kichwani namna nitakavyohama Kindu.

Kisha kucha zikakwaruza kitu baridi.

Nikagonga kwa kidole. Kikalia.

Sufuria ilikuwa imefunikwa kifudifudi. Udongo uliishika, hadi wanaume wanne wakaing'oa na kuipindua. Chini yake kulikuwa na pasi ya mkaa imefungwa kwenye gunia, na kwenye mpini kitambaa chekundu kimeshonewa. Mama Asha alikitambua kabla sijakigusa. Ilikuwa pasi yake. Mzee alikuwa ameficha na mali ya jirani.

Mama Asha alijitwisha ile sufuria peke yake, akaenda nayo Lualaba kuisugua kwa mchanga, na kina mama wakamfuata.

Nuru alipikiwa, wakuu. Mwiko wa kwanza alipewa Mama Zaituni.

Lakini siku ile watu walipoondoka, nilimkuta ameinama kwenye shimo. Nikadhani analia kwa furaha.

"Huyu mutoto nilikuwa namuita Saidi," akasema. "Miaka yote, nikitoka sokoni, namuamkia yeye wa kwanza."

Nikamwambia samahani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga anayempenda. "Usisumbuke, mutoto yangu. Jina langu umelirudisha. Lete jembe, tufukie."

Tulifukia. Mawe meupe aliyarudisha mwenyewe, moja moja, yakiwa yamekingama safari hii, na asubuhi hupita pale akafagia.

Nilichojifunza ni kwamba nilipima kila kitu kwenye ule ua isipokuwa yeye. Kesi ikifumbuka, kuna mtu anabaki na shimo.

Mliorudi nyumbani baada ya vita, kwenu vitu vilifichwa wapi? Na mngekuwa mimi, mngechimba? Nasoma yote, hata ya kunicheka kuhusu bata.