Niko Kadi

Busia upande wa Uganda kuna uwanja ambapo malori husubiri karatasi za forodha. Nimepita miji mingi ya mpakani na yote naikumbuka kwa mahali nilipokaa kusubiri. Huu naukumbuka kwa njugu.

Dereva aliyenifundisha poka alikuwa mwanamke wa makamo kutoka upande wa Kenya, amefunga leso kiunoni juu ya suruali. Tanboi wake, msaidizi wa lori, alikuwa amerudi nyumbani kwenye matanga, na yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Juba. Mimi Juba sikuwa nimefika. Nikamwomba kile kiti cha tanboi.

"Kufunga turubai utajifunza," alisema. "Shida ni huo uso wako. Unasema kila kitu. Njiani mtu atakuuliza tunalala wapi, na kabla hujafungua mdomo atakuwa ameshajua. Asubuhi tunaamka tangi halina mafuta."

"Nijaribu basi, dada."

"Karatasi zangu hazijatoka. Nidanganye kwa karata mara moja tu kabla hazijatoka, kiti ni chako."

Tulikaa kwenye kivuli cha trela, tairi kuukuu ndiyo meza yetu. Wa tatu alikuwa fundi wa pancha, mtu wa Dabani. Tuligawana njugu mbichi ziwe pesa, na fundi akaanza kula zake.

"We! Unakula benki!" dereva alimwambia.

"Mama, mimi nashika njaa. Benki itangoja."

Sheria zenyewe si ngumu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Katikati zinafunuliwa tano za wote: kwanza tatu, kisha moja, kisha moja. Kila zinapofunuliwa unaweka njugu au unatupa karata zako. Mwisho, mwenye tano bora kati ya zile saba anachukua. Jozi inashindwa na jozi mbili, jozi mbili zinashindwa na tatu za namba moja, na kuendelea juu. Nilidhani nimemaliza kujifunza.

Nikapata kwini wawili. Katikati akafunuka kwini mwingine. Nikapiga tairi kofi, nikasema, "Niko kadi!"

Sisi wa huku tumekulia mchezo wa kadi, ule wa kumaliza karata mkononi. Ukikaribia kumaliza ni lazima utangaze hivyo, la sivyo unaadhibiwa kwa kuokota nyingine. Maneno yale yalinitoka kama chafya.

"Mimi natupa," fundi alisema. "Huyu nakwisha pata kitu."

Dereva naye akatupa, akicheka mpaka leso ikafunguka. Kwini watatu wakaniletea njugu mbili.

Baada ya hapo nikaanza kumtazama yeye badala ya karata zangu. Alitupa mara nyingi kuliko alivyocheza, bila uchungu, kama mtu anayechambua mchele. Alipenda kusema wa mwisho, wengine wakiwa wamekwisha kujieleza. Akiingia, aliingia kwa nguvu, na hukuweza kujua ana nini. Na kila mara fundi alipopata karata nzuri, dereva aliondoka mapema. Nilichelewa kugundua siri: fundi akipata karata nzuri aliacha kutafuna.

Wakala wa forodha wa dereva akapiga simu. Karatasi zimetoka.

"Ya mwisho," alisema, akagawa.

Nilikuwa na nne na tisa. Katikati kukafunuka kingi, kwini na saba. Sikuwa na kitu. Nikapiga tairi kofi, nikasema, "Niko kadi!" nikasukuma njugu zangu zote.

Fundi akatupa papo hapo. Dereva alinitazama kwa muda, kisha akasukuma zake. Tukafunua zilizobaki, hazikunisaidia. Yeye alikuwa na jozi ya saba. Saba tu!

"Umejuaje?"

"Ile ya kwanza ilikutoka. Hii umeitoa." Akafunga leso. "Nitakushusha Tororo. Usininunie."

Sikununa. Kushindwa na mtu anayeona namna ile hakuumi sana. Nilikusanya njugu nikapanda.

Kwenye njia panda, pale wanafunzi wa Busitema husubiri gari, alisimama anunue mahindi ya kuchoma. Jamaa mmoja akaja upande wangu, akaegemea mlango kama tunajuana.

"Mambo, bro? Mnalala wapi leo?"

Dereva alikuwa ameniambia atalala Mbale, kwenye yadi anayoijua. Nilikuwa na njugu mdomoni. Nikaendelea kutafuna.

"Tororo," nikamwambia. "Kuna cement ya kupakia asubuhi. Mama yako hawezi kutuuzia chai pale?"

"Mama yangu yuko Tirinyi," akasema, akacheka, akaenda zake.

Dereva akaingia na mahindi mawili, akanipa moja. Alikuwa amesikia, maana dirisha lilikuwa wazi, lakini uso wake haukusema lolote. Tukaondoka.

Mwamba wa Tororo ukatokea mbele, ukakua mpaka ukajaza kioo. Nikaona vumbi la kiwanda, bodaboda zimejipanga kwenye kona. Nikavuta begi langu miguuni, nikashika kitasa cha mlango.

Hakupunguza mwendo. Kona ikapita, kisha soko. Nikamgeukia.

"Rudisha begi nyuma," alisema. "Linanizibia gia."