Baba Analima

Wiki hii nilisimamisha baiskeli kwenye shule moja ya msingi kule Runazi ili niombe maji, nikakuta darasa la nne wanafundishwa nyakati. Nikasikiliza dirishani. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni: "Baba analima mihogo." Akamwinua binti mmoja aiseme kwa wakati uliopita.

"Baba anarima mihogo," akasema binti.

"Hiyo ni ileile! Nataka wakati uliopita."

Mvulana wa nyuma akamcheka: "Si useme 'aririma', wewe! Rahisi hivyo."

Binti akamgeukia. "Mseme baba yako!"

Mvulana akainamia daftari lake. Baba wengi wa kijiji kile ni wanamgambo, nao wako vitani.

Mwalimu akainua fimbo. Nikashika dirisha nimkaripie. Lakini binti alijitetea mwenyewe, mikono nyuma: "Samahani mwalimu. Bibi amesema baba hajarudi, basi asisemwe kama mtu aliyekwisha. Unichape tu."

Mwalimu akaiweka fimbo mezani. Akafuta sentensi, akaandika nyingine: "Mimi ninalima mihogo." Darasa zima, binti akiwemo, likajibu kwa sauti moja: "Mimi niririma mihogo."

Wakubwa wa ofisi ya elimu watasema huko ni kuharibu somo. Mimi sarufi nimejifunza peke yangu, sina cheti cha kumwonyesha mtu, nami nasema wazi: kosa la binti yule asilisahihishe yeyote mpaka baba yake arudi.